Goti la Dada Yangu

Sikumpenda mama mkwe wa dada yangu alipokuwa hai, na kufa kwake hakukunibadilisha. Kwetu mtu akishazikwa watu huanza kumsafisha. Utasikia alikuwa mkali lakini alikuwa na moyo. Mimi nasema alikuwa mkali, basi. Nilikaa nyumbani kwake siku chache mwanzoni mwa miaka ya themanini, sabuni ilipokuwa ya kupangia foleni na sukari ya kusimuliana, na siku hizo chache zilinifundisha habari za goti la binadamu zaidi kuliko chuo kilivyonifundisha.

Nilikuwa nasomea tiba ya viungo. Wakati ule ukimwambia mtu wa Shinyanga kwamba unasomea tiba ya viungo, anakuuliza bei ya dawa ya kuchua. Baba yangu, mkulima wa pamba, aliwaambia majirani kwamba binti yake amekwenda mbali kusomea kukanda watu, na alilisema kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Mwalimu wetu naye alikuwa mtu wa viti. Alitufundisha mwili unavyokaa mezani, mwili unavyoinua sanduku, mwili unavyoendesha gari bila kuumiza kiuno. Vitabu vyake vilijaa picha za watu waliovaa viatu. Nilikuwa namtazama nikijiuliza kama bwana huyu amewahi kuona mwanamke akipalilia. Kule kwetu kiti kilikuwa cha mwanamume na cha mgeni. Mwanamke alikuwa chini, ameinama, amechuchumaa au amepiga magoti, tangu anaamka mpaka analala. Siku moja nilimuuliza habari za jembe la mpini mfupi, akasema tutafika huko. Hatukufika.

Mwaka wa mwisho mwalimu yule alitupatia kazi. Kila mwanafunzi achague tendo moja la kila siku, alitazame kwa watu halisi, kisha aeleze jinsi mwili unavyolibeba na mahali unapoumia. Wenzangu walichagua kubeba gunia, kupanda ngazi, kupiga taipu. Mimi nilichagua kupiga magoti. Mwalimu akaniuliza, huku anatabasamu, kama nataka kuandika juu ya sala. Nilimwambia nataka kuandika juu ya dada yangu. Aliacha kutabasamu, akanipa ruhusa na kipimio cha pembe cha plastiki chenye mikono miwili, akaniambia nisikivunje.

Dada yangu, mkubwa wangu wa tumbo moja, alikuwa ameolewa kijiji kimoja jirani na Rwamgasa, kwenye nchi ya dhahabu. Habari zilikuwa zimefika nyumbani kwamba mama mkwe wake anataka kikao cha ukoo ili arudishwe kwao. Hakuwa mwizi, hakuwa malaya, hakuwa mchawi. Kosa lake lilikuwa moja: alikuwa anasalimia wakubwa akiwa amesimama. Kwa Wasukuma mke haamkii wakwe zake wima. Anashuka, magoti yote mawili yanagusa ardhi, ndipo anafungua mdomo, na atakaa pale mpaka aitikiwe. Asiposhuka amemtukana mkwe wake mbele ya watu. Dada alikuwa ameacha kushuka tangu mvua za kwanza, akisema goti linamuua, na mama yule alikuwa amejibu kwa kuacha kuitikia salamu zake kabisa.

Sasa, kurudishwa huko nako lazima nikueleze, maana hapo ndipo damu iliponichemka. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshatolewa wote, hata ndama hakubaki. Kwa hiyo watoto walikuwa wa ukoo ule. Dada akirudishwa angerudi na kanga zake na sufuria alilokuja nalo, na watoto watatu wangebaki, pamoja na yule kitinda mimba aliyekuwa bado ananyonya. Wangelelewa na bibi ambaye alikuwa hamwitikii mama yao salamu. Hilo ndilo lililokuwa mezani, na mimi nilikwenda na plastiki yangu kulizuia.

Nilifika juu ya lori la pamba lililokuwa linarudi tupu, nywele zimejaa vumbi. Dada alinipokea njiani. Kazi yangu imeniharibu. Mtu akija siangalii uso kwanza, naangalia anavyokuja. Alikuwa anauburuta mguu wa kulia kidogo na kuutua kwa ncha, nyonga ikipanda juu ili mguu usilazimike kukunja. Alikuwa bado msichana wa miaka ya ishirini na kitu na alitembea mwendo wa bibi. Nikataka kulia, lakini nikakasirika badala yake, ndivyo nilivyoumbwa.

"Umekonda," akaniambia.

"Wewe je? Goti hilo limeanza lini?"

"Twende kwanza ukamwamkie mama. Magoti, mdogo wangu. Tafadhali."

Mama mkwe alikuwa amekaa uani juu ya sanduku la mbao, kubwa, refu kuliko vigoda vyote vya nyumba ile. Nilipiga magoti kwenye changarawe mbele yake nikamwambia mwadila, ambayo ndiyo salamu ya mchana. Akaitikia vizuri, akaniuliza hali ya baba na ng'ombe na pamba, moja baada ya nyingine, bila haraka. Aliniweka pale chini mpaka mapajani nikaanza kuhisi ganzi. Dada alisimama nyuma yangu, akainamisha kichwa na kusalimia kwa sauti ndogo. Yule mama akageuza uso akaita kuku.

Nilijua tangu dakika ile kwamba sitampenda.

Kesho yake nikaanza kazi. Nilimfuata dada yangu kutwa, nikitazama kila mahali goti lake lilipokwenda chini. Asubuhi alipiga magoti kwenye jiwe la kusagia, anasukuma mtama mbele na nyuma kwa uzito wa mabega. Alipiga magoti kumnawisha mumewe mikono, akapiga magoti kumtengea chakula, akapiga magoti kuondoa vyombo, maana kwa mumewe alikuwa hathubutu kuacha. Alipiga magoti kufuta nyumba. Kisha jua likipanda alikwenda mtoni ambako wanawake walikuwa wanaosha mchanga wa dhahabu. Wanaume waliingia duarani, ndivyo wanavyoita shimo la kuchimbia, wakatoka na mawe. Wanawake waliyatwanga kwenye kinu cha chuma mpaka yawe unga, halafu wakauosha juu ya ubao mrefu uliotandikwa gunia. Ubao uko chini, maji yako chini. Mwoshaji anapiga magoti ndani ya kokoto zenye maji, anamwagia, anapapasa, anamwagia. Dada alifanya kazi hiyo tangu mimba ya kwanza. Mama mkwe ndiye aliyemwanzisha, na dhahabu yoyote iliyopatikana iliingia nyumba ile ile.

Nilimlaza kwenye mkeka nikampima. Goti zima lilikunjika mpaka kisigino kikagusa tako. Goti bovu lilifika nusu ya safari likakataa, na juu ya pia ya goti ngozi ilikuwa imevimba na kuota sugu nene, ya kijivu. Nilipoweka kiganja na kumwambia akunje polepole, nilisikia ndani mkwaruzo, kama mtama unavyosagika.

Goti si bawaba ya mlango. Mfupa wa paja unabingirika na kuteleza juu ya mfupa wa muundi, na ile pia inapanda na kushuka mbele yake katika mfereji wake. Ukikunja kidogo, inateleza bila shida. Ukikunja hadi mwisho inakandamizwa mferejini, na gegedu laini inayoikinga inalipia. Lakini kushuka si kitu. Ubaya wote uko kwenye kuinuka. Mtu anayetoka chini bila kushika kitu anaudai msuli wa paja uvute kwa nguvu zote wakati goti limekunjwa vibaya kuliko wakati mwingine wowote. Na heshima ya kwetu inataka uinuke hivyo hivyo, mikono imekunjwa kifuani, bila kushika chini, kwa sababu kushika chini ni uchovu, na uchovu mbele ya mkwe ni dharau. Yaani watu walikaa wakatunga namna mbaya zaidi ya kulitumia goti, wakaiita adabu.

Nilimwambia dada asipige magoti kabisa, kwa mtu yeyote, mpaka niseme. Nilishona mfuko nikautia mchanga, nikaufunga kifundoni, akawa anakaa ukingoni mwa kitanda akinyoosha mguu na kuushusha ili msuli wa paja urudi. Nikamfundisha pia namna ya kuinuka kama akilazimika kuwa chini: geukia ubavu, weka viganja ardhini, mguu mzima mbele, kifua kije juu ya goti, ndipo usukume. Alijifunza haraka. Alikuwa na akili kuliko mimi. Aliyekosa ada ya shule ni yeye, si mimi.

Mama mkwe aliuona mfuko wa mchanga akacheka mpaka akashika mbavu.

"Ndiyo masomo hayo? Mchanga tunao hapa siku zote."

"Mayu," nikamwambia, yaani mama, neno la heshima ambalo sikupenda kumpa, "goti lake limeumia. Akiendelea kulipigisha chini atakuwa kilema."

"Goti halijaumia. Ni uvivu duhu, uvivu mtupu. Mimi nimesaga mtama kwa magoti haya tangu sijaota meno ya utu uzima. Nimezaa, nimezika, nimepalilia pamba ya mume wangu. Nani alinipima mimi?"

"Hakuna. Ingefaa upimwe."

Akajiweka sawa juu ya sanduku. "Wewe msichana," akasema, "umekuja kumfundisha mke wa watu kusimama. Kikao kiko Jumanne ijayo. Utarudi naye, mtasimama wote huko kwenu."

Nilitoka pale haraka. Nilikwenda kwa shemeji yangu, mume wa dada, nikamkuta anakarabati mpini wa sururu. Huyo mtu alikuwa na mgongo ulionyooka vizuri kuliko wote niliowaona kwenye nchi ile ya wachimbaji, na hakuutumia kwa jambo hata moja. Nilimuuliza atasema nini kikaoni. Akasema mama ni mama. Nikamuuliza kama anampenda mkewe. Akasema swali gani hilo. Nikamwacha na mpini wake.

Jumapili tulikwenda kanisani, mwendo mrefu, mama mkwe mbele kwenye baiskeli ya mwanawe na sisi nyuma kwa miguu. Mle ndani yeye alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Sikulitilia maanani. Lakini ulipofika wakati wa watu wote kupiga magoti, akaanza kukohoa, akatoka nje. Watu walipoinuka kikohozi kikaisha, akarudi. Mara ya pili watu waliposhuka, kikohozi kikarudi, akatoka tena. Kifua chake kilikuwa kizima siku zote nilizokaa naye.

Mimi sikusali tena. Niligeuka nikamtazama anavyoingia. Alishika fremu ya mlango, akaupandisha mguu wa kushoto kwanza, wa kulia ukafuata umenyooka. Nikalikumbuka lile sanduku refu. Nikakumbuka kwamba sikuwahi kumwona kwenye mkeka, na kwamba akiinuka kila mara kulikuwa na nguzo au bega la mjukuu. Magoti yote mawili yalikuwa yamekwisha, pengine kuliko la dada. Ila yeye alikuwa mkubwa wa nyumba. Mumewe alikuwa amefariki, wakwe walikuwa wamefariki, hakuwa na mtu wa kumpigia magoti duniani isipokuwa Mungu, na kwa Mungu alikuwa anakohoa.

Kama ningekuwa mtu mwema ningemwonea huruma. Nilichowaza ni kwamba sasa nimempata.

Jioni ile nilimuuliza dada, kama mtu anayeuliza tu, nani mkubwa aliyebaki katika ukoo. Akasema yuko shangazi wa mumewe, dada mkubwa wa marehemu baba mkwe, anaishi upande wa Ushirombo na haji mara kwa mara. Kwa desturi yao shangazi huyo ni kama baba. Mke wa kaka yake anamwamkia kwa magoti hata akiwa na mvi. Nikarudi kwa shemeji.

"Shemeji, kikao cha kuvunja nyumba kitafanyika bila dada mkubwa wa baba yako?"

"Mama hakusema aitwe."

"Mama hawezi kusema kila kitu. Mwenye nyumba ni wewe. Watu watasema ukoo huu umekosa mkubwa."

Hilo la mwenye nyumba lilimwingia. Alinyoosha shingo, akajaza upepo baiskeli yake, na asubuhi akaondoka kwenda kumleta. Mama yake alidhani amekwenda kutafuta vipuri vya pampu ya kutoa maji duarani. Dada aliniuliza kwa nini natabasamu, nikamwambia mambo yatakuwa mazuri.

Jumanne mchana wanaume wa ukoo walikaa kwenye viti vya kuazima, wanawake kwenye mikeka kando. Dada alikaa pembeni kabisa, mguu mbovu umenyooshwa, kitinda mimba kifuani, wale wawili wakubwa wamekaa ubavuni pake kana kwamba wameambiwa. Hakuna aliyewaambia. Mama mkwe alikuwa kwenye sanduku lake, amevaa kanga mpya. Baba mdogo mmoja wa shemeji alikuwa ameshakohoa kuanza maneno baiskeli ilipoingia uani.

Shangazi alishuka kwenye kiti cha nyuma bila kushikwa. Alikuwa mwembamba, mkavu, shingo imenyooka. Alisimama katikati ya ua akingoja, na wanawake wote wakashuka mbele yake mmoja mmoja, mwadila, mwadila, akiitikia kila mmoja. Dada naye alitaka kushuka, nikamshika mkono. Akainama tu, na shangazi akalitazama lile goti lililovimba, akaitikia bila neno. Kisha akageukia sanduku.

Mama mkwe alikuwa amekwisha kusimama, mkono mmoja kwenye nguzo ya banda. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Aliinamisha kichwa chini sana, akasema mwadila kwa sauti tamu ambayo sikujua anayo.

Shangazi hakuitikia.

Alisimama tu, si kwa hasira, kwa mazoea tu ya mtu anayengoja jambo lifanyike kama lilivyofanyika siku zote. Wanaume wakatazama ardhi. Niliuona mkono ukiachia nguzo. Mama mkwe alianza kushuka, wima, mikono kifuani kama adabu inavyotaka, na nusu ya njia magoti yakamwacha, akayaangukia kwa kishindo. Alifumba macho. Akasema mwadila tena, na safari hii shangazi akaitikia, akamuuliza hali ya nyumba, ya mazao, ya wajukuu, na kila swali likajibiwa kwa pumzi fupi. Jasho lilikuwa linamtoka juu ya mdomo. Salamu zilipokwisha shangazi akaenda kukaa. Mama mkwe hakuinuka.

Alijaribu. Mabega yalikwenda mbele, yakarudi. Alijaribu tena, na kanga mpya ikamfunguka ubavuni. Wanawe walikuwa wamesimama pale, watu wazima wenye mikono ya kuvunja mwamba, na hakuna aliyesogea, maana mwana hamshiki mama yake makwapani mbele ya ukoo, na nani angekiri kwamba ameona. Ua wote ulijitia hauoni. Mimi nilikuwa hatua chache tu. Nilijua hasa cha kufanya, ndicho nilichokuwa nasomea. Nilikaa nikamtazama, na kicheko kikanitoka. Hakikuwa kikubwa, kilitoka puani tu, lakini kilisikika.

Aliyeinuka ni dada. Alimweka mtoto mkekani, akajisukuma kwa mkono na mguu mzima, akavuka ua akiburuta ule mwingine. Akasimama mbele ya yule mama ili watu wasimwone, akarudisha kanga mahali pake, akaongea kwa sauti ya chini, lakini kulikuwa kimya mno, tulisikia wote.

"Mayu, usivute juu. Geukia ubavu kwanza. Hivyo. Weka viganja. Mguu wa kushoto ndio wenye nguvu, ulete mbele. Kifua kije huku kwangu. Shika paja langu. Sasa sukuma."

Wakainuka pamoja, taratibu, magoti mabovu matatu na moja zima. Dada akamfikisha kwenye sanduku akasimama kando yake.

Shangazi akauliza kwa utulivu ameitiwa nini. Baba mdogo akamtazama mama mkwe. Mama mkwe alikuwa anapumua mdomo wazi. Akaikaza kanga yake ubavuni, kisha akasema, "Hakuna neno. Tulikuita tukuamkie, ni siku nyingi." Akamwambia mwanawe achinje kuku. Kikao kikaishia hapo. Dada yangu alikuwa amebaki na watoto wake, na mimi nilikuwa nimeshinda, na bado haikunitosha. Nilisimama nikasema kwa sauti kwamba basi lisemwe wazi, lisemwe kwamba dada yangu si mvivu, na kwamba wako wengine hapa ambao hata kanisani...

"Nyamaza," akasema dada.

Sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo kwa mtu yeyote. Nikakaa.

Alinifuata jikoni wakati wa kunyonyoa kuku. Akavuta kigoda, akaunyoosha mguu, akachukua kuku mmoja mapajani. Akaanza kunyonyoa bila kunitazama.

"Shangazi nani alimwita?"

"Mumeo."

"Mume wangu hajawahi kumwita mtu. Nani?"

"Mimi."

"Ulikuwa unajua mama hawezi."

"Nilijua. Tangu kanisani." Nikaona nimwage yote. "Alikuwa anakutesa kwa ugonjwa alio nao mwenyewe, dada. Angekunyang'anya watoto hawa, akalala usingizi wake. Ulitaka nimwangalie tu?"

"Watoto umeniokolea. Sisahau." Aliweka kuku kwenye beseni. "Lakini mimi ndiye ninayebaki hapa. Wewe utarudi chuoni uandike. Mimi kesho nitamkuta kwenye sanduku lile, na kesho kutwa, na kila siku mpaka mmoja wetu azikwe. Leo ameniachia nyumba yangu, na hakuniachia kwa sababu yako."

"Kwa sababu ya nani? Kama nisingemleta shangazi..."

"Angenifukuza, ndiyo. Alikuwa anaficha mwili wake, na aliniona mimi siufichi wangu. Hilo nimelielewa alipokuwa chini. Wewe umemsoma magoti siku zote hizi, na alipokuwa chini ukacheka."

Nilimwambia nilicheka kwa sababu alistahili. Nilimwambia naona hivyo, na nitaona hivyo. Naona hivyo hata leo ninapoandika haya. Mtu aliyetaka kumtenga mtoto anayenyonya na mama yake kwa ajili ya salamu, simdai machozi. Dada alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia lori la pamba linapita asubuhi na mapema, nipande hilo, nisingoje la Ijumaa kama tulivyopanga.

"Unanifukuza mimi?"

"Nimekuomba uondoke. Na ukiondoka usije hapa mpaka nikuite."

Sikumuaga yule mwenye sanduku. Nilifunga virago gizagiza la alfajiri, nikaweka kile kipimio katikati ya nguo kisivunjike, nikatoka barabarani. Dada alinisindikiza, mwendo ule ule wa nyonga juu, na wanawe wakatufuata. Nilipanda juu ya marobota, nikageuka. Walikuwa wamesimama kando ya njia, dada na wale watatu, mdogo mgongoni, wote wamebaki wake. Niliwapungia mkono. Wakubwa wawili wakamtazama mama yao waone atafanya nini, na kwa kuwa yeye hakuinua mkono, nao hawakuinua.

Hajaniita.